Wodi ya Wazazi Hailazi Mwanaume

Usinivutie mdomo kabla sijaanza. Nakuona. Unajisemea moyoni, huyu bibi kizee wa darasa la saba ataniambia nini mimi kuhusu mahakama? Sikuambii kitu cha kwangu. Nakusimulia nilichokisikia kwa masikio haya mawili, na yote mawili bado yanafanya kazi kuliko hayo ya kwako yanayosikia muziki tu. Ukiona ni uongo, inuka, kiti chako atakikalia mwenye adabu. Ukibaki, tulia, maana habari yenyewe ni ya mjukuu wangu, na kwa mjukuu wangu sina mzaha hata nikicheka.

Kijiwe chetu ni chumba cha mbele cha fundi viatu. Kwa kawaida benchi hukaa nje, chini ya bati la kibaraza, lakini siku hiyo mvua ilikuwa inatwanga tangu asubuhi, basi benchi likaingizwa ndani, likabanwa kati ya cherehani ya ngozi na rafu ya viatu ambavyo wenyewe wamevisahau. Harufu ya gundi, harufu ya soksi za watu, na birika langu juu ya jiko dogo chini ya dirisha. Kahawa ni yangu, chumba ni cha fundi, maneno ni ya kila mtu. Sheria ya pale ni moja, niliipitisha mimi: atakayetoa methali ataosha vikombe vyote. Niliipitisha kwa sababu wanaume wakiishiwa hoja hukimbilia kwa wahenga, na wahenga wenyewe hawapo wa kuulizwa.

Fundi tunamwita Soli. Ana mikono mizuri na akili inayotembea peku. Wa pili ni Breki, dereva mstaafu wa lori la mchanga, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Wa tatu ni Mheshimiwa. Huyu alikuwa tarishi wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili kwapani kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, naye anaamini sheria zilimwingia kwa njia hiyo hiyo ya kwapa.

Siku hiyo ilikuwa siku ya uamuzi. Mjukuu wangu ni fundi cherehani, binti wa mkono mwepesi na maneno machache, hakunirithi mimi. Alibakwa na fundi rangi wa mtaa wa nyuma, mtu aliyekuwa akiingia kwetu akala. Nasema neno lenyewe. Sikuishi miaka yote hii ili nije nilifunike shuka. Alishtakiwa, akapatikana na hatia, akafungwa. Mjukuu akabaki na mimba, akajifungua mtoto wa kike ambaye mtaa mzima unamwita Kengele, na ukimsikia akiimba hutauliza kwa nini. Sasa yule mtu katoka gerezani, na kitu cha kwanza alichokumbuka si kuomba radhi. Alikwenda mahakamani kudai haki za baba. Amwone mtoto. Amchukue mwisho wa juma. Aulizwe kwanza kabla mtoto hajahamishwa shule. Na kabla hata hajasikilizwa, Kengele alirudi kutoka chekechea akaniuliza, "Bibi, yule mjomba wa kwenye uzio aliyenipa peremende ni nani?" Mama yake alikuwa anakata kitambaa cha harusi ya mtu. Mkasi ukapotea njia, kitambaa kikaharibika. Tangu siku hiyo mikono yake haikutulia.

Mimi mahakamani sikwenda. Si woga. Mara iliyotangulia nilitolewa nje kwa sababu nilimsahihisha wakili wa yule mtu kabla hajamaliza sentensi. Basi asubuhi mjukuu akaniambia, "Bibi, leo ubaki na birika." Nikabaki na birika, na wale watatu, na midomo yao.

— Mimi naona yule bwana atapewa, akaanza Breki, kahawa haijamfika kifuani. Sisemi napenda. Nasema naona.

— Unaona kwa macho yapi? nikamuuliza. Yale yaliyogonga ukuta wa shule ukirudi nyuma?

— Ule ukuta ulisogezwa, Bibi. Hoja yangu mimi ni damu. Injini ya dizeli ukiitia petroli itakohoa, itatoa moshi, mwisho inazima. Mtoto naye ana mafuta aliyozaliwa nayo. Mnyime baba, ipo siku atazimika. Tena hatazimika tambarare, atazimika mlimani, na mzigo mgongoni.

— Kengele azimike? akasema Soli. Juzi kaingia humu kaimba mpaka gundi ikakataa kushika.

— Bado yuko gia ya kwanza. Subiri.

Mheshimiwa akakohoa. Akikohoa tunajua korti imekaa.

— Nyinyi mnazungumza mafuta. Sisi watu wa sheria tunazungumza maandishi. Sheria inasema mzazi. M-za-zi. Mzazi ana haki ya kumwona mwanawe. Haikusema mzazi mpole, haikusema mzazi aliyeoga. Kwa hiyo hakimu hana ujanja, atagawa. Mahakama kazi yake ni kugawa. Nimewaona wakigawa shamba, nimewaona wakigawa kisima.

— Kisima kinagawanywaje? akauliza Soli.

— Mmoja anapewa kisima, mwingine anapewa maji.

— Ala! Na mtoto?

— Mtoto ni kwa siku. Jumatatu mpaka Jumatano kwa mama, Alhamisi mpaka Jumamosi kwa baba.

— Jumapili je?

— Jumapili ya serikali.

— Serikali itamlaza wapi? akadakia Breki.

— Serikali ina nafasi nyingi, bwana, akasema Mheshimiwa, akavuta kahawa kama mtu aliyeshinda rufaa.

Nilimtazama. Birika lilikuwa mkononi, na kahawa ilikuwa ya moto kweli kweli. Lakini nikakumbuka kwamba mtu huyu huyu, karatasi ya madai ilipotufikia na mimi nikakaa chini nisiweze kuinuka, ndiye aliyevaa koti lake la kazini, akatuongoza mpaka kwenye ofisi ya wale mawakili wanawake wanaowatetea wasio na uwezo, akabisha hodi mwenyewe, akasema, "Nimewaletea watu wangu." Watu wangu! Na kila kesi ilipotajwa alikwenda akakaa nyuma kabisa, kimya, kitu ambacho hakijawahi kutokea popote pengine. Basi kahawa nikaimimina kwenye kikombe chake badala ya kichwani.

— Mimi nalitazama kwa upande wa kiatu, akasema Soli.

— Tulijua, nikamwambia.

— Mtu kaiba ngozi. Kaiba usiku, kavunja mlango, kafungwa, sawa. Lakini ile ngozi sasa ni kiatu. Kiatu cha nani?

— Cha mwizi, akasema Mheshimiwa. Ngozi kaiba, lakini kiatu hakuiba, maana kilikuwa hakijawa kiatu.

— Wewe! Kashona yeye?

— Kashona nani?

— Kashona mwenye ngozi! Miezi yote ile kakaa nayo mapajani anashona peke yake, mwizi yuko jela anakula ugali wa serikali. Anatoka anasema nipe kiatu changu, mguu wa kulia tu, wa kushoto baki nao!

— Kiatu kimoja hakivaliki, akasema Breki. Labda wapokezane. Leo huyu anaruka kwa mguu mmoja, kesho yule.

— Nyamazeni, nikasema. Mjukuu wangu si ngozi, na Kengele si kiatu. Ukinirudia hilo, Soli, nakushona mdomo kwa uzi wako mwenyewe, na sitapaka nta.

Hapo mlango ukasukumwa, akaingia binti mmoja amelowa mpaka nywele. Mgeni, sijawahi kumwona mtaani. Mtoto mgongoni kafunikwa kanga na mfuko wa plastiki juu yake, na mguu mmoja peku kwa sababu ndala ya ngozi ilimkatikia njiani, kaishika mkononi. Akaamkia vizuri, nikampenda. Soli akaipokea ndala, akatia uzi kwenye sindano, akamwonyesha mwisho wa benchi. Akakaa, mguu wake mtupu kaukunja chini ya ule mwingine. Nikampa kahawa, akaishika kwa mikono yote miwili bila kunywa. Soli akachoma tundu la kwanza, akakumbuka hoja, akasimama hapo hapo na ndala hewani.

— Ila kuna kipimo siku hizi, akasema. Wanachukua mate ya mtoto, mate ya mwanaume, wanayaweka kwenye mashine. Mashine ikisema baba, nani atabisha?

— Mashine inaonyesha na tabia? akauliza Breki.

— Inaonyesha kila kitu. Inaonyesha mpaka deni la kodi.

— Wakiyapima mate ya Kengele, akasema Mheshimiwa, mashine itasema huyu katoka kwa Bibi peke yake, hakuna mwanaume aliyehusika. Ukali ule haukupita njia nyingine.

Nikacheka. Sikutaka, nikacheka. Ndiyo maana nakaa nao. Siku ile nyumbani peke yangu ningekuwa nimeshakula kucha zote nikaanza kula kuta.

Breki akavuta pumzi, akainua kidole, uso ukawa wa hekima.

— Lakini wazee wetu walisema...

— Vikombe hivyo hapo, nikamwambia.

Kidole kikashuka.

— Mheshimiwa, nikasema, hebu turudi kwenye hilo neno lako. Mzazi. Breki, mweleze ulivyoulizwa getini ile siku uliyompeleka mjukuu wangu hospitali.

— Bibi, hilo tena mbele ya mgeni?

— Mbele ya mgeni ndiyo vizuri.

Breki akajikuna shingo.

— Basi, uchungu umemshika binti, gari hakuna, mimi lori langu lina mchanga wa watu nyuma. Nikampandisha mbele. Nafasi ya Bibi ikakosekana, kiti kimoja kilikuwa hakina mgongo. Bibi akaja kwa miguu anatukana njia nzima. Nafika getini, askari ananiuliza, "Mzazi yuko wapi?" Mimi najua anauliza mzazi wa binti. Nikamwambia, mzazi yuko nyuma anakuja kwa miguu.

Soli alikuwa anaijua hadithi, akaanza kucheka kabla.

— Askari kachungulia ndani ya lori, kaona binti anavyong'ang'ania dashibodi, akaniambia, "Mzee, mzazi si huyu hapa? Au unasafirisha nini?" Wakamchukua. Na mimi nikafuata na mfuko wa nguo. Nesi kasimama mlangoni kama kizuizi cha barabara. "Humu wanaingia wazazi tu." Nikamwambia mama, mimi ni mzazi, nina watoto watano. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Haya, karibu, vua viatu upande kitandani, mkunga aje akupime njia."

Hata yule binti mgeni alitabasamu, kidogo, kwenye ukingo wa kikombe.

— Mheshimiwa, nikasema, kibao cha ile wodi kimeandikwaje?

— Wodi ya Wazazi, akasema polepole, maana alishaona shimo.

— Umewahi kumwona mwanaume kalazwa humo?

— Hiyo ni lugha ya hospitali, Bibi. Lugha ya sheria ni nyingine.

— Kwani hospitali na mahakama si za serikali moja? akasema Soli. Hawaongei?

— Mimi nasema hivi, akasema Breki, ambaye sasa alikuwa ameshahamia upande wangu bila kuwasha taa ya kugeuka. Itungwe sheria. Mwanaume yeyote anayetaka kuitwa mzazi, kwanza alazwe wodi ya wazazi. Apewe kitanda na shuka. Akae humo asikie yale makelele. Akitoka na akili yake, ndipo aende kwa hakimu.

— Watajaza wodi, wenye mimba watalala wapi? akauliza Mheshimiwa.

— Korti! Si mlisema serikali ina nafasi nyingi?

Wakavurugana hapo, huyu anajenga hospitali, yule anaibomoa, mpaka Soli akasema kwa sauti ndogo:

— Kwa hiyo na mimi si mzazi.

Soli alifiwa na mke wanawe wakiwa wadogo. Amewaosha, amewasuka, amewashonea sare, amekaa nao wakiwa na surua. Hakuna mtu pale aliyetaka kumvua neno hilo.

— Wewe ni mzazi, nikamwambia, na sura hiyo ya kuonewa iondoe. Mke wako alikuita. Alishika tumbo lake, akakutazama wewe, akasema huyu ni wako. Kila baba ninayemjua mwenye maana aliitwa na mtu. Aliitwa na mama, au na mtoto mwenyewe, au na shida. Yule mwingine nani alimwita? Alivunja, akaingia. Sasa anataka kumbukumbu ya kuvunja kwake tuiite ujamaa.

— Hilo, akasema Mheshimiwa, natamani hakimu alisikie.

— Angelisikia kama asingenitoa nje.

Baada ya hapo maneno yakaanza kupungua. Mvua ikawa ndiyo inayosema. Kila hatua ikipita kibarazani nilikuwa nageuza shingo. Mheshimiwa alisema kesi za asubuhi huwa zinachelewa. Breki akasema labda barabara imejaa maji. Soli akasema labda kapitia sokoni. Nikawaambia waache kunipapasa kama mgonjwa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa yeye, mwavuli umepinduka, sketi imeganda miguuni. Akautegemeza mwavuli ukutani, ukaanguka, akauacha.

— Bibi, kuna kahawa?

Nikammiminia. Nilimwaga kidogo, na sitaki ulisemee hilo. Akanywa yote akiwa amesimama. Breki alikuwa ameshika ukingo wa benchi kama liko mteremkoni.

— Amekataliwa, akasema.

Breki akaliachia benchi.

— Amekataliwa yote. Kumwona, kumchukua, kuulizwa. Hakimu amesoma kifungu. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kubaka hapati haki za mzazi juu ya mtoto aliyetokana na kosa hilo. Hawezi kuzipata mpaka mama mwenyewe akubali, na hata mama akikubali, mahakama iangalie kwanza faida ya mtoto. Na amekatazwa kufika shuleni. Uzio ule asiusogelee.

— Na neno mzazi? akauliza Mheshimiwa. Hakimu amelifanyaje?

— Wakili wake alilisema, babu, kama ulivyokuwa unalisema wewe. Hakimu akamwambia sheria haikuwekwa ili mtu avune kwenye jinai yake. Halafu akaniambia mimi kwamba matunzo yanabaki kuwa wajibu wake, haki kanyang'anywa, wajibu haukufutwa. Nikitaka kudai nidai, nisipotaka nisidai, na akilipa hanunui nafasi ya kumwona. Nikamwambia nitafikiri.

— Usichukue hata senti, akasema Breki.

— Achukue yote, akasema Soli.

— Kasema atafikiri, nikasema mimi. Nyinyi kufikiri kwenyewe mmeshaona mara ngapi mpaka muingilie?

Kisha Mheshimiwa akainuka, akafunga vifungo vya koti, akampa mjukuu wangu mkono kama wanavyopeana watu wa ofisini. Soli akainama akawa anatafuta kitu chini ya cherehani ambacho hakikuwepo. Breki alilia wazi, kwa sauti, kama honi iliyonasa, na hakuna aliyemtania.

Mimi nikawajazia vikombe vyote mpaka juu. Halafu nikasema:

— Asanteni.

Wakanitazama.

— Bibi unaumwa? akauliza Breki, pua inamtiririka.

— Siumwi. Nawashukuru, na mkikatiza sitarudia. Breki, ulimwaga mchanga wa watu njiani ili lori likimbie, ukafukuzwa kazi kwa ajili hiyo, ukatuambia umestaafu. Nilijua. Soli, viatu vya Kengele vikianza kumbana unaniletea vingine kabla mimi sijaona. Mheshimiwa, wewe unajua sheria kama mimi ninavyojua kuogelea, lakini ulibisha hodi pale ambapo mimi nilishindwa kuinua mkono. Na huyo hakimu aliyenitoa nje, naye namshukuru, ingawa masikio yake ni membamba. Na yeyote aliyekaa akaandika kifungu kile, simjui, alale salama popote alipo. Basi. Nimemaliza.

Hawakujua waweke wapi macho. Mjukuu wangu alinishika bega. Mkono wake ulikuwa umetulia. Niliuhisi kwenye kitambaa cha gauni, umetulia kabisa, mkono wa mtu anayeweza kukata nguo ya harusi. Nikashukuru tena, kimya kimya, na hilo halikuwa la kijiweni.

Ndipo yule mgeni akasema.

— Samahani.

Kwa kweli tulikuwa tumemsahau. Kahawa yake ilikuwa bado imejaa.

— Dada, umesema aliyetiwa hatiani.

— Ndiyo, akasema mjukuu wangu.

— Na kama hakutiwa hatiani? Kama hata hakushtakiwa?

Soli alikuwa na ndala yake mkononi. Akaitazama kana kwamba jibu liko kwenye ukanda. Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo ukasimama wenyewe. Sote tukamgeukia Mheshimiwa. Mheshimiwa aliangalia vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kuanzia juu. Dizeli, kisima, mashine ya mate, wodi ya wanaume: walikuwa na jibu la kila kitu asubuhi nzima, na sasa mvua tu.

— Nauliza tu, akasema yule binti, na mtoto mgongoni akajigeuza akalala upande wa pili. Ni kwamba amesema anakuja Jumamosi kumchukua. Amewaambia nyumbani kwetu ni haki yake. Na nyumbani wanasema kweli, maana hakuna aliyemfunga.

— Sijui, nikamwambia. Sikutaka kumdanganya. Hawa hawajui, na mimi sijui.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyezoea jibu hilo. Akaanza kunyoosha mkono achukue ndala yake ilivyo.

Mjukuu wangu akaweka kikombe chini. Alikuwa ametoka vitani sasa hivi, maji yanamchuruzika, angeweza kukaa, na hakuna ambaye angemlaumu. Akauinua mwavuli pale sakafuni, akaubinya mbavu mpaka ukarudi umbo lake.

— Wale mawakili wangu wanajua, akasema. Na wasipojua, wanajua wa kumuuliza. Nimewaacha ofisini sasa hivi wanakula. Twende kabla hawajafunga.

— Soli, maliza hiyo ndala, nikasema.

Akashona haraka, tundu kwa tundu, bila neno, akakata uzi kwa meno. Akapiga magoti akamvalisha mwenyewe.

— Nije? akauliza Mheshimiwa, ameshika kofia.

— Baki. Njiani utaanza kugawa watoto kwa siku, utamtisha. Breki, wewe kamchukue Kengele shuleni.

Breki akasimama wima.

— Mimi? Wakiniuliza mimi ni nani yake?

— Waambie umetumwa na mama yake.

Mjukuu wangu akamwitikia kwa kichwa. Breki akafuta uso kwa mikono yote miwili, akavaa koti la mvua kinyume, likavuliwa, likavaliwa tena.

— Na kahawa, Bibi? akauliza Soli.

— Jimiminieni. Mnayo mikono.

Tukatoka watatu, wanne ukimhesabu aliyelala mgongoni. Mjukuu wangu alimweka yule mwenzake chini ya mwavuli, mimi nikajifunika mfuko. Nyuma nikasikia Mheshimiwa anakohoa, anaanza, "Kwa mujibu wa sheria..." Mlango wa Soli huvimba siku za mvua, ukiuvuta nusu nusu haufungi. Nikaushika kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, ukafunga.